Chupa Moja, Dawa Mbili: Namna ya Kutumia Matone Mseto ya Presha ya Macho

Glakoma iliyo ya kawaida zaidi haiumi wala haiwashi. Presha ndani ya jicho hupanda, mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo huharibika kidogo kidogo, na uoni huanza kupotea pembeni, mahali ambapo mtu hana mazoea ya kupachunguza. Kilichopotea hakirudi. Kazi ya matone ni kulinda uoni uliobaki kwa kushusha presha. Kwa hiyo ukiyaweka leo hutaona tofauti, na ukiyaacha leo hutaona tofauti vilevile, na hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Presha ya jicho si ile inayopimwa mkononi, na vidonge vya presha ya damu havichukui nafasi ya matone. Kwa watu wengi presha ya jicho huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Wapo wenye presha ya juu ambao mshipa wao bado ni mzima, na wapo wenye glakoma ilhali presha yao iko ndani ya viwango hivyo. Ndiyo maana daktari hukupangia kiwango chako mwenyewe cha kufikia. Aliyepimwa 28 anaweza kupangiwa ashuke hadi 20 au chini yake. Ambaye mshipa wake umeshaliwa sana hupangiwa chini zaidi. Uliza namba yako na uiandike.

Kwa kawaida matibabu huanza na dawa moja. Ikishusha presha lakini isifike panapotakiwa, inaongezwa ya pili, na hapo ndipo dawa mseto inapoingia: dawa mbili zilizochanganywa kiwandani ndani ya chupa moja. Jicho hutengeneza maji muda wote na kuyatoa muda wote, kama sinki lenye bomba lililo wazi. Timololi, dorzolamidi na brinzolamidi hupunguza bomba. Latanoprosti na ndugu zake hupanua njia ya kutokea, na netarsudili pia hufanya kazi zaidi upande huo. Brimonidini hufanya yote mawili. Mseto mwingi huunganisha dawa ya bomba na dawa ya njia ya kutokea, na mwingine huunganisha mbili zinazobana bomba kwa namna tofauti.

Faida yake ni matone machache kwa siku, kemikali chache za kuhifadhi dawa zinazogusa jicho, na kutokusubiri kati ya dawa moja na nyingine. Hasara yake husemwa mara chache: huwezi kupunguza dawa moja bila kupunguza ya pili, na jicho likiwasha ni vigumu kujua ni ipi kati ya hizo mbili inayolisumbua.

Soma lebo kabla ya kufungua

Kwenye lebo majina huandikwa kwa tahajia ya kigeni, mara nyingi bila irabu ya mwisho tunayoitamka: Timolol, Latanoprost, Brimonidine. Tafuta majina mawili na asilimia mbili. Ukiona jina moja tu, hiyo si dawa mseto. Zinazokutwa zaidi ni hizi:

- Latanoprosti 0.005% na timololi 0.5% (Xalacom), travoprosti 0.004% na timololi 0.5% (DuoTrav), bimatoprosti 0.03% na timololi 0.5% (Ganfort): tone 1 mara 1 kwa siku.
- Dorzolamidi 2% na timololi 0.5% (Cosopt), brinzolamidi 1% na timololi 0.5% (Azarga), brimonidini 0.2% na timololi 0.5% (Combigan): tone 1 mara 2 kwa siku.
- Brinzolamidi 1% na brimonidini 0.2% (Simbrinza), isiyo na timololi: mara 2 au 3 kwa siku, kutegemea kibali cha nchi na maelekezo ya daktari.
- Netarsudili 0.02% na latanoprosti 0.005% (Rocklatan, Roclanda): mara 1, jioni.

Zipo pia za viwanda vingine zenye viambato hivyohivyo chini ya majina tofauti. Fuata majina ya dawa yenyewe, usifuate jina la biashara. Rangi ya kifuniko nayo isikudanganye. Kuna utaratibu ambao kifuniko cha njano ni timololi peke yake na cha bluu iliyokoza ni mseto wenye timololi, lakini si kila kiwanda kinaufuata.

Chupa za zamani zinaondoka

Hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote. Tuseme ulikuwa ukiweka latanoprosti usiku na timololi asubuhi na jioni, kisha ukaandikiwa Xalacom. Ndani ya Xalacom mna latanoprosti na timololi. Chupa zako mbili za zamani hazina kazi tena. Ukiendelea na ile ya timololi, unajipa timololi zaidi ya kipimo, na itakayolipa ni mapigo ya moyo na pumzi. Ukiendelea na ile ya latanoprosti, hupati nguvu zaidi. Unapata pungufu, maana dawa za kundi hilo zikiwekwa zaidi ya mara moja kwa siku hushusha presha kidogo kuliko zikiwekwa mara moja.

Kwa hiyo siku unayopewa dawa mseto, ziweke chupa zako zote mezani, linganisha majina, na kila jina lililomo ndani ya chupa mpya litoe. Zile usizo na uhakika nazo mwoneshe mfamasia au daktari. Kwa kawaida dawa ya zamani humaliza zamu yake ya siku hiyo, na mpya huanza siku inayofuata. Usiache siku katikati ya kupumzisha jicho. Jicho halihitaji mapumziko hayo.

Hii haina maana kwamba mwenye dawa mseto hawezi kuwa na chupa ya pili. Mtu wa Cosopt asubuhi na jioni anaweza kuongezewa latanoprosti usiku: chupa mbili, dawa tatu, na hakuna iliyojirudia. Mwenye dorzolamidi au brinzolamidi ambaye pia anameza vidonge vya asetazolamidi amkumbushe daktari, kwa sababu vyote ni vya kundi moja.

Mambo ya kumwambia daktari kabla ya tone la kwanza

Tone la jicho halibaki jichoni. Sehemu yake huteremka kupitia kitundu kidogo kilicho kwenye kona ya ndani ya jicho, ikaingia puani na kooni, na ukuta wa pua huinyonya moja kwa moja hadi kwenye damu bila kupitia kwanza kwenye ini kama kidonge kinavyopita. Ndiyo maana tone moja dogo la timololi linaweza kumbana kifua mwenye pumu.

Mwenye pumu, au aliyewahi kuwa nayo, au mwenye ugonjwa mkubwa wa mapafu wa kuziba njia za hewa, hatakiwi kutumia mseto wowote wenye timololi. Vivyo hivyo mwenye mapigo ya moyo yaliyo polepole kupita kiasi, mwenye hitilafu kubwa ya umeme wa moyo, au mwenye moyo ulioshindwa kazi usiodhibitiwa. Anayemeza vidonge vya moyo au presha ya damu kama atenololi, bisoprololi, propranololi au verapamili aseme, kwa sababu timololi itaongezea kazi ileile. Mwenye kisukari anayetumia insulini ajue kwamba timololi huficha dalili za sukari kushuka: mtetemo na moyo kwenda mbio huenda asivihisi, ingawa jasho hubaki. Atumie kipimo, asitegemee hisia.

Aliyewahi kutoka malengelenge au kuvimba kwa dawa za salfa aseme kabla ya kupewa dorzolamidi au brinzolamidi. Brimonidini haiwekwi kabisa kwa mtoto chini ya miaka 2, kwani inaweza kumlaza usingizi mzito na kumkatia pumzi. Mjamzito na anayenyonyesha nao waseme mapema.

Kuweka tone, hatua kwa hatua

1. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe. Kama unavaa lenzi machoni, zitoe. Kemikali ya kuhifadhi dawa hunywewa na lenzi. Zirudishe baada ya dakika 15.

2. Soma jina kwenye chupa, hata kama umeitumia mwezi mzima. Gundi kali na dawa za masikio huja katika chupa zinazofanana sana na hizi, na ajali hiyo imewapata watu wengi. Usiweke vitu hivyo droo moja na matone yako.

3. Kama ndani mna brinzolamidi, tikisa chupa vizuri. Dawa hiyo ni chembe zinazoelea ndani ya maji, nazo hutuama chini. Usipotikisa, matone ya mwanzo yanakuwa mepesi na ya mwisho mazito.

4. Keti na uinamishe kichwa nyuma, au lala chali. Kulala ni bora kwa mwenye shingo ngumu au mikono inayotetemeka. Kwa kidole cha mkono mmoja vuta kope ya chini taratibu hadi ufanyike mfuko mdogo kati ya kope na jicho. Dawa inakwenda kwenye mfuko huo. Ukiidondoshea juu ya mboni, jicho litashtuka na kuitema.

5. Geuza chupa ielekee chini, ncha yake ikiwa sentimita 1 hadi 2 juu ya jicho. Mkono ulioshika chupa uegemeze kwenye paji la uso, au juu ya ngumi ya mkono unaovuta kope, usije ukayumba. Tazama juu, minya kidogo, na liache tone lianguke lenyewe. Ncha isiguse jicho, kope wala kidole. Ikigusa, vijidudu huingia ndani ya chupa na wewe unavirudisha jichoni kila siku; kidonda cha kioo cha jicho (utando angavu wa mbele) kinachoweza kuzuka kina madhara ya haraka kuliko glakoma yenyewe.

6. Tone moja tu. Tone la kawaida lina mikrolita 30 hadi 50 (mikrolita 1,000 ni mililita 1). Jicho lenyewe, pamoja na machozi yaliyomo tayari, haliwezi kushika zaidi ya 30 hivi. Tone la pili halina pa kukaa, litaishia shavuni. Ila kama la kwanza limeangukia pua au kope, hapo hukuweka kitu, rudia.

7. Fumba macho kama mtu anayesinzia. Usiyakaze na usipepese. Kila upepesaji ni pampu inayosukuma dawa kwenye kile kitundu cha kona.

8. Macho yakiwa yamefumbwa, bonyeza kwa ncha ya kidole kona ya ndani, penye kishimo kati ya jicho na mfupa wa pua, kwa dakika 2 hadi 3. Usibonyeze jicho lenyewe. Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayofanya dawa ibaki jichoni badala ya kwenda kwenye moyo na mapafu. Kama baada ya kuweka dorzolamidi au brinzolamidi unasikia uchungu mdomoni, ujue dawa imeshateremka kooni: umebonyeza vibaya au hukubonyeza.

9. Futa iliyomwagika kwenye kope na shavu kwa tishu safi. Hili ni muhimu hasa kwa latanoprosti, travoprosti na bimatoprosti, ambazo hufanya ngozi ya kope kuwa nyeusi na kuotesha vinyweleo zinapokaa.

10. Ukiwa na chupa nyingine, subiri angalau dakika 5; 10 ni bora zaidi. Tone la pili likija mapema litaosha la kwanza. Dawa nzito kama jeli au ya mafuta huwekwa mwisho.

Anayeshtuka kila mara chupa inapokaribia anaweza kufumba macho akiwa amelala chali, akadondosha tone kwenye kona ya ndani, kisha akafumbua taratibu. Dawa itaingia yenyewe. Hakikisha kwanza eneo hilo ni safi. Asiyehisi kama tone limeingia anaweza kuweka chupa kwenye friji kwa muda kabla ya kutumia, isigande. Tone la baridi hujitangaza.

Hesabu ya chupa

Chupa ya mililita 5 yenye matone ya mikrolita 40 hutoa matone 125. Macho mawili, mara mbili kwa siku, siku 30, ni matone 120. Yaani kwa mwezi mzima una matone matano tu ya kukosea. Ile ya mililita 2.5 hutoa kama 62. Macho mawili, mara moja kwa siku, wiki 4, ni 56. Dawa ikikuishia wiki ya tatu, chunguza mkono wako kabla ya kulaumu chupa. Na kama daktari ameandika jicho moja tu, weka jicho hilo tu.

Andika tarehe ya kufungua juu ya chupa kwa kalamu isiyofutika. Nyingi hutupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa hata kama zina dawa. Karatasi iliyomo kwenye boksi itakwambia kama yako inaruhusu zaidi. Mseto wa latanoprosti na timololi hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, kabla ya kufunguliwa. Ukishafunguliwa unaweza kukaa nje usipozidi nyuzi 25. Usiiache chupa yoyote ndani ya gari juani. Vichupa vya plastiki vya dozi moja, visivyo na kemikali ya kuhifadhi, vikifunguliwa hutumika palepale, na kilichobaki humwagwa.

Saa, na ulizosahau

Mara 2 kwa siku maana yake ni kila baada ya saa 12: saa moja asubuhi na saa moja usiku, kwa mfano. Saa nne asubuhi na saa kumi jioni ni mara mbili pia, lakini usiku kucha jicho halina ulinzi wa kutosha. Mara 1 kwa siku ni saa ileile kila siku, asubuhi au jioni kama ulivyoandikiwa. Fungamanisha na jambo usilolisahau, kama kupiga mswaki, na weka kengele kwenye simu.

Ukisahau, weka zamu inayofuata kwa wakati wake. Usiweke matone mawili kufidia. Kumbuka tu kwamba kwa mseto, zamu moja iliyosahauliwa ni dawa mbili zilizokosekana.

Kuna mtego mwingine: mtu hulegea wiki tatu, kisha siku chache kabla ya kliniki anaweka dawa kwa bidii. Presha inapimwa 17, daktari anaridhika, na mshipa unaendelea kuharibika nyumbani. Matokeo yake huonekana kwenye kipimo cha upeo wa kuona, na daktari, akidhani dawa imeshindwa, anakuongezea nyingine usiyoihitaji au kukupangia upasuaji. Siku ya kliniki weka dawa kama kawaida, isipokuwa umeambiwa vingine, na sema kweli juu ya siku ulizoruka.

Yatakayokusumbua na yasiyovumilika

Dorzolamidi huchoma inapoingia kwa sababu ina uasidi kidogo. Mchomo hupita baada ya muda mfupi. Brinzolamidi huleta ukungu wa dakika kadhaa na huweza kuacha unga mweupe kwenye kope, basi usiendeshe chombo hadi uone vizuri. Latanoprosti na wenzake hufanya macho kuwa mekundu wiki za mwanzo, hurefusha nywele za kope, na kwa macho yenye rangi mchanganyiko huweza kuzidisha ukahawia wake, rangi ambayo haifutiki ukiacha dawa. Anayetibiwa jicho moja ataona tofauti ya macho mawili baada ya miezi. Netarsudili nayo huleta wekundu mwingi.

Brimonidini ina tabia ya kuvizia. Unaweza kuitumia miezi mingi bila shida, ghafla macho yakaanza kuwasha, kuvimba na kuwa mekundu kila siku. Huo ni mzio, wala si vumbi, na hauishi kwa kuvumilia. Rudi ubadilishiwe. Husababisha pia usingizi na ukavu wa mdomo.

Timololi ndiyo inayoathiri mwili mzima kimyakimya: uchovu, mapigo ya polepole, kizunguzungu ukisimama, huzuni, kupungua kwa nguvu za kiume. Wengi huusingizia umri. Hesabu mapigo yako ukiwa umetulia kabla ya kuanza dawa na wiki mbili baadaye. Yakishuka chini ya 50, au ukiwa na kizunguzungu, mpigie daktari.

Nenda hospitali bila kungoja ukipata kubanwa kifua au kupumua kwa sauti ya mluzi, kuzimia, uso au ulimi kuvimba, au jicho kuuma ghafla kwa nguvu likiwa jekundu, na taa kuonekana zimezungukwa na duara za rangi, pamoja na kutapika. Hilo la mwisho ni presha iliyopanda ghafla, na jicho linaweza kupotea ndani ya saa chache.

Kwa madhara mengine, usiache dawa mwenyewe. Piga simu au rudi. Kipimo cha kwanza baada ya kuanza mseto hufanywa kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Ukipangiwa upasuaji wowote, hata wa jino, mwambie anayekupa dawa ya usingizi au ganzi kwamba unatumia timololi. Usitumie matone yenye steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) bila daktari wa macho kujua, kwani huweza kupandisha presha ileile unayoishusha.

Siku ya kliniki beba chupa zote, pamoja na zilizokwisha, na mwombe muuguzi au daktari akutazame ukijiwekea tone mbele yake.